Historia ya Baba: Kuandaa Wasifu wa Mzee wa Kibanja, Bukoba na Muleba

Historia ya marehemu, kama inavyosomwa misibani Bukoba na Muleba, ina mpangilio ambao kila mwombolezaji ameuzoea. Huanza na jina, ukoo, wazazi na mahali pa kuzaliwa. Hufuata ubatizo au madrasa, shule, ndoa, kazi na vyeo. Kisha ugonjwa, hospitali alizopitia na saa aliyokata roho. Mwisho huja hesabu ya watoto, wajukuu na vitukuu, pamoja na shukrani kwa madaktari. Mpangilio huo si mbaya. Waliotoka mbali hupata kujua wamekuja kumzika nani, na padri, mchungaji au sheikh hupata pa kuanzia. Kasoro yake ni uwiano. Mzee aliyeishi miaka themanini hupewa aya mbili kwa majuma matatu aliyolazwa Ndolage au Rubya, na sentensi moja tu, "alipenda sana familia yake", kwa maisha yote yaliyobaki.

Uwiano huo hurekebishika kwa kuanzia kwenye mambo ambayo mzee aliyafanya bila kutumwa na mtu: kupiga ala ya enanga, kukamua rubisi (pombe ya ndizi), kuvua, kufuga nyuki, kutengeneza baiskeli za jirani, kuimba besi kwenye kwaya, kusikiliza mpira redioni. Hapo ndipo watoto walipokaa naye. Ofisini hawakumwona, na cheo chake walikisikia kwa wengine. Lakini aliyemshikia taa baba akirekebisha mzinga anaweza kumweleza kwa nusu saa bila kuchoka. Familia inayotaka kuonyesha kwamba baba aliipenda haina ushahidi bora kuliko huo.

Jambo hili linahitaji kusisitizwa zaidi Kagera kuliko kwingine. Utani wa "nshomile" (nimesoma), wa Wahaya kujivunia elimu, unajulikana nchi nzima, na historia nyingi za marehemu zinaupa nguvu: shahada za marehemu, shahada za watoto, nchi walizosomea, hadi waombolezaji wanaanza kutazamana. Elimu itajwe, maana watu waliuza kahawa ili ipatikane. Ila orodha ya vyeti vya watoto si habari za baba, isipokuwa pale inapoelezwa namna alivyovilipia.

Wakati mzuri wa kukusanya habari ni mzee angali hai, akiwa na nguvu za kubishana na anayemhoji. Kwa bahati mbaya familia nyingi huona kufanya hivyo ni kumtabiria kifo. Kizuizi hicho hupungua jambo likipewa jina jingine: mjukuu ana kazi ya shule, au ukoo unaandika shajara ya kibanja, yaani shamba la migomba la familia. Mzee mwenyewe, akiulizwa nani alimfundisha kukoroga dawa ya ng'ombe, hatafikiri juu ya jeneza; atafikiri juu ya mjomba wake.

Gharama ya kuchelewa ilionekana wazi huko Katuruka, eneo la Maruku, Bukoba Vijijini. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika Buhaya mwaka 1969 na kuanza kuwahoji wazee. Masimulizi yao ndiyo yaliyomwongoza hadi kwenye mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, ushahidi wa ufundi ulioanza eneo hilo yapata miaka 2,000 iliyopita au zaidi. Aliporudi mwaka 2008 na kushirikiana na wanakijiji waliotaka kufufua urithi wao, wengi wa wale wazee hawakuwapo tena. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umewachukua pia wengi ambao wangeyapokea masimulizi hayo kwa zamu yao. Wanakijiji walilazimika kuokoteza vipande kutoka kwa wachache waliobaki, wakiwamo wanawake ambao hapo awali hawakuulizwa sana. Kilichotokea kwa historia ya Katuruka hutokea kwa wepesi zaidi kwa historia ya baba mmoja, kwa kuwa ya baba haina mtafiti. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuvaa kofia nyekundu, mwaka 1960, ana waandishi wengi. Mzee wa Nshamba aliyelea watoto tisa kwa kahawa na nyuki ana watoto wake tu.

Msiba ukishatokea, muda ni mfupi lakini watu wanaojua wako pamoja, jambo ambalo halitajirudia. Wengi wanaofia Dar es Salaam au Mwanza husafirishwa kuzikwa kwenye kibanja, na kati ya kifo na mazishi hupita siku kadhaa za vikao, michango na simu. Kamati ya mazishi huwa na mweka hazina, mtu wa usafiri na mtu wa chakula. Inafaa iwe pia na mtu wa historia, na asiwe mtoto wa kwanza, ambaye atashinda njiani akifuata jeneza, kibali na gari. Mkwe wa kike mwenye mwandiko mzuri, au mjukuu wa chuo anayeandika haraka, atafaa zaidi. Kando ya daftari la rambirambi liwekwe daftari la pili lisilohusu fedha. Kila anayekuja kuhani aombwe aandike, au aandikiwe, tukio moja tu alilolishuhudia mwenyewe, pamoja na jina lake na mwaka kama anaukumbuka. Wengi wataandika "alikuwa mtu wa watu". Wachache wataandika kitu chenye uzito, na hao wachache wanatosha.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa. Swali la "mzee alikuwa mtu wa namna gani?" huleta sifa za jumla, kwani hakuna atakayemsema vibaya marehemu ambaye bado yumo ndani. Maswali yanayozaa ni ya vitu na vitendo. Jioni alikaa wapi, na nani alikaa karibu yake? Kifaa gani hakutaka mtu akiguse? Alikasirika kwa sababu gani mara ya mwisho? Alirudi na nini mkononi alipotoka gulioni? Alijifunza kwa nani, na alimfundisha nani? Mjane aulizwe akiwa amepumzika, mbele ya binti au dada yake na si mbele ya wakwe wa kiume, kwa kuwa kuna mambo ambayo hatayasema wakiwapo. Wazee wa rika la marehemu waulizwe kwa Kihaya, mwulizaji akiwa ameketi chini yao, kahawa ya kutafuna ikiwa imeshapita, na neno la heshima "waitu" likitangulia. Anayewauliza kwa Kiswahili cha ofisini amesimama na simu mkononi atapata majibu ya ofisini.

Watu wawili husahaulika sana. Mmoja ni jirani wa mpakani, ambaye kwa miaka arobaini amekuwa akiona saa ngapi mzee anaingia shambani na saa ngapi anatoka. Mwingine ni kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe au kukata nyasi. Huyu hana kiti kwenye kikao cha ukoo, lakini anajua mengi kuhusu hasira na huruma za mzee kuliko mwanawe aliye Arusha.

Baada ya watu, kinafuata kibanja. Shamba la migomba la Buhaya halikujitokeza. Rutuba yake imejengwa kizazi baada ya kizazi kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa kwenye rweya, ile mbuga ya wazi yenye udongo hafifu, na kila mwenye kibanja ameacha alama zake. Inafaa kutembea humo taratibu na mtu anayekijua, katika majuma ya kwanza, kabla warithi hawajaanza kukata na kupanda vyao. Aina za migomba ziandikwe kwa majina yake ya nyumbani, kama enshakara, enchoncho na entobe, pamoja na mahali zilikotolewa: mgomba mmoja ulitoka kwa mama mkwe, mwingine uliletwa kwa baiskeli kutoka Kamachumu. Mibuni mikongwe ina umri wake. Miti iliyopandwa kwenye rweya huenda ilipandwa kwa ajili ya karo ya mtoto fulani, na mtoto huyo anafaa alijue hilo.

Kibanja hueleza pia jinsi mzee alivyokabili hasara. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini katika wilaya ya Muleba mwaka 2006, na kwa familia iliyoishi kwa ndizi ulikuwa msiba wa aina yake. Wataalamu walishauri mgomba ulioambukizwa ung'olewe, panga lisafishwe kwa moto au dawa kila baada ya mgomba mmoja, na ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa kwa panga. Kuna wazee waliofuata ushauri huo kwa bidii kiasi cha kuwakaripia majirani. Kuna waliokataa kung'oa migomba ya baba zao hadi ikafa yenyewe. Yote mawili ni tabia, na yote mawili yanastahili kuandikwa. Kadhalika wapo waliokubali mapema migomba mipya ya aina chotara za FHIA iliyosambazwa mkoani mwishoni mwa miaka ya 1990, na wapo waliosema hadi kufa kwamba ladha yake haifiki ya enshakara.

Katika mambo ambayo wanaume wa eneo hili waliyapenda, rubisi inahitaji uangalifu wa pekee. Watu wa dini huona aibu kuitaja kanisani, na hivyo hufuta nusu ya maisha ya jioni ya mzee. Kuitengeneza ni ufundi na ilikuwa kazi ya wanaume. Ndizi za pombe huivishwa shimoni kwa siku kadhaa chini ya majani, humenywa, hukanyagwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi hadi maji yake yatoke, kisha huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa na kuachwa yachachuke hadi kesho yake. Watoto hawakunywa rubisi, lakini walipewa juisi tamu kabla haijachachuka, na hiyo ndiyo kumbukumbu ya baba ambayo wengi wanayo midomoni hadi leo. Mambo ya kuuliza ni mengi: alikamua siku gani, nani alikanyaga pamoja naye, mtumbwi ulichongwa na nani na sasa uko wapi, kibuyu cha kwanza kilipelekwa kwa nani. Mzee aliyepeleka kibuyu cha kwanza kwa mama yake mzazi kila mara ameelezwa vizuri kuliko kwa kivumishi chochote. Kama alikuwa mlevi, hilo ni jambo jingine, na linazungumziwa mbele kidogo.

Enanga hupatikana kwa wachache, ila palipo nayo isipite bila kuandikwa. Ni ubao wa mti uliochongwa, nyuzi zikiwa zimepitishwa juu yake mara saba au nane; zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni za nailoni. Wapigaji walisimulia tendi ndefu za mashujaa kama Kachwenyanja na Rukiza, na Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti wa shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliokamilika mwaka 1986. Familia yenye mzee aliyepiga enanga iandike majina ya tendi alizozijua, hata kama hakuna anayezikumbuka mistari, maana mtafiti wa kesho ataanzia kwenye jina. Ikiwa ziko kanda za kaseti, zisichezwe ovyo kwenye redio kuukuu inayotafuna utepe. Zipelekwe kwa fundi mwenye kifaa kinachofanya kazi, zihamishiwe kwenye simu au kompyuta, na kanda zenyewe zitunzwe. Kivugo cha mzee, yale majigambo ambayo mwanamume aliyatunga kujisifu, kiandikwe neno kwa neno kama yupo anayekikumbuka. Kisitafsiriwe kwanza. Tafsiri inaweza kungoja. Kihaya cha mzee wa rika hilo hakingoji.

Senene ni furaha ya msimu, hasa mvua za mwisho wa mwaka. Akina baba wengi waliwaamsha watoto usiku wa manane wakaokote chini ya taa za barabarani, kabla ya biashara ya mabati, mapipa na taa kali kuchukua nafasi. Kwa historia ya baba wa familia, sehemu yenye thamani ni ile inayofuata: nani alikaa naye kunyonyoa mabawa na miguu, kama aliwakaanga au kuwakausha kwa moshi, na vifurushi vilikwenda wapi. Mzee aliyekuwa akifunga senene kwenye karatasi, akaandika jina la kila mtoto juu yake, na kutafuta abiria wa kwenda Dar es Salaam, alikuwa akisema jambo ambalo wanaume wa kizazi chake hawakulisema kwa mdomo.

Wa pwani ya ziwa na visiwa vya Muleba, kama Bumbire, wana habari za uvuvi, na hapa miaka inabeba uzito. Mzee aliyeanza kutega nyavu kabla ya miaka ya 1980 alilijua ziwa jingine, lenye ngege na furu wengi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wengi. Kuandika tu "alikuwa mvuvi" ni kuacha nje badiliko kubwa kuliko yote aliyoyaona kwa macho yake. Bao, baiskeli, mizinga, kwaya na matarumbeta ya usharika, safari za uwanja wa Kaitaba kutazama mpira: katika kila jambo mzee alikuwa na wenzake, na hao ndio wa kutafutwa. Redio haina wenzake, lakini ina kiti. Mahali ilipowekwa na vipindi ambavyo watoto walinyamazishwa visikike vinatosha.

Tarehe huleta ubishi mwingi. Kwa Wakristo, daftari la ubatizo la parokia au usharika ndilo la kuaminiwa kwanza, na parokia za zamani zina madaftari ya miaka mingi. Misheni ya Kashozi ilianzishwa mwaka 1892, na Walutheri wa misheni ya Betheli walianza kazi Bukoba mwaka 1910. Ikumbukwe kwamba tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa, hasa kwa aliyebatizwa akiwa mkubwa. Kwa Waislamu na wengineo zipo risiti za kodi ya kichwa, kadi za TANU, na kadi za ushirika. Bukoba ilikuwa na chama chake kikuu cha wakulima wa kahawa tangu mwaka 1950, hadi serikali ilipovifuta vyama hivyo nchini mwaka 1976. Nyaraka hizi mara nyingi ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, na wasafishaji wa baada ya matanga ndio huzichoma.

Pasipo na karatasi, matukio husaidia. Watu wa Kagera hupima miaka kwa uvamizi wa Idi Amin wa Oktoba 1978, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Mtu asiyejua alihamia lini atajua kama ilikuwa kabla au baada ya vita. Majina ya mahali nayo yaandikwe kwa uangalifu. Mkoa uliitwa Ziwa Magharibi kabla ya kuitwa Kagera, na aliyezaliwa Kanyigo alizaliwa katika wilaya ya Bukoba, ingawa Kanyigo leo iko Missenyi, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2007. Liandikwe jina la wakati huo, kisha la sasa.

Sasa suala la kasoro. Historia ya marehemu si mahakama, wala haipaswi kuwa tangazo. Jambo ambalo kijiji kizima kinalijua, likifichwa, huwafanya wasikilizaji wakatae hata yaliyo kweli. Mzee aliyekunywa kupita kiasi kwa miaka kumi kisha akaacha, isemwe hivyo kwa sentensi moja, na mwaka alioacha utajwe. Aliyekuwa mkali, isemwe alikuwa mkali, na mfano utolewe ambao hata yeye angecheka. Yale yaliyowaumiza watu ambao bado wanaumia yabaki kwa hao watu. Si ya kusomwa kwenye kipaza sauti.

Orodha ya watoto ndiyo sehemu yenye hatari kuliko zote. Mtoto wa nje asiyetajwa anaweza kusimama kaburini, na ikitokea hivyo hakuna atakayekumbuka neno jingine lililosemwa siku hiyo. Orodha iamuliwe kwenye kikao cha ukoo usiku wa kabla, mjane akiwa amesikilizwa, na msomaji asibadilishe hata jina moja. Mabinti waandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa pamoja na kaka zao, wasiwekwe chini kama nyongeza. Desturi ya Kihaya iliwapa wana wa kiume ardhi ya ukoo na kumweka mrithi mkuu, musika, juu ya wengine. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi iliyotoka Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Historia ya marehemu si wosia na haigawi kitu, ila majina yaliyosomwa hadharani hukumbukwa wakati muhtasari wa kikao unapopelekwa mahakamani kwa ajili ya mirathi. Familia yenye busara huhakikisha karatasi hizo mbili zinakubaliana.

Kuhusu uandishi wenyewe, matoleo mawili yanahitajika. Toleo la kusomwa lisizidi maneno mia saba. Likizidi hapo jua linawaka, wazee wamesimama, na kiongozi wa ibada anatazama saa. Nusu yake yatosha kwa tarehe, shule, kazi na ugonjwa. Nusu iliyobaki ichukue mambo mawili au matatu aliyoyapenda, si yote. Mzee aliyekuwa na mapenzi kumi akiorodheshewa yote kumi atasikika kama tangazo la kazi. Akielezwa kwa mizinga yake na kwaya yake, wasikilizaji watajaza mengine wenyewe. Tofauti iko kwenye sentensi. "Marehemu alikuwa mpenda michezo na alijali familia yake" haimwonyeshi mtu yeyote. "Jumapili baada ya misa alipita na wanawe watatu kwenye baiskeli moja hadi Kaitaba, na timu ikifungwa walirudi kwa miguu akisukuma, kwa sababu alisema waliofungwa hawapandi" inamwonyesha mmoja tu. Bila shaka sentensi kama hiyo iwe imetokea kweli. Kumtungia marehemu kichekesho ni uongo hata kama wote watacheka.

Msomaji achaguliwe kwa sauti na uwezo wa kujizuia kulia, si kwa cheo. Asome mara mbili kwa sauti usiku wa kabla, na majina ya Kihaya ayatamke mbele ya mzee mmoja amsahihishe. Maneno ya marehemu mwenyewe yabaki kwa Kihaya, yakifuatiwa na maana yake kwa wageni. Mwili ukiagwa Dar es Salaam kisha ukazikwa Muleba, historia husomwa mara mbili kwa watu tofauti: wa mjini wanajua kazi yake na hawajui kibanja, wa kijijini kinyume chake. Inafaa aya mbili zibadilishwe kati ya masomo hayo, kila upande upewe usichokijua.

Toleo la pili ni la familia na halina kikomo. Humo huingia daftari la matanga, ramani ya kibanja iliyochorwa kwa mkono, kivugo, majina ya tendi, na picha. Picha za karatasi zina maadui wengi Bukoba, ambako mvua karibu na ziwa hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka: kuvu huzila, fremu hushika maji ukutani, na mende hupenda gundi ya albamu. Zipigwe picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha bila kutumia taa ya simu. Nyuma yake majina yaandikwe kwa penseli laini, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha ziwekwe kwenye bahasha za karatasi ndani ya kopo la bati juu ya kabati, mbali na sakafu. Tetemeko la 2016 liliangusha nyumba nyingi pamoja na vilivyokuwamo, na shule kongwe ya Ihungo haikupona. Nakala moja kwenye nyumba moja haitoshi.

Vifaa vya mzee vinahitaji uamuzi wa mapema. Musika atapata nyumba na sehemu yake ya kibanja, lakini kikao cha ukoo kinaweza kukubaliana kwamba enanga, nyavu, ubao wa bao, mizinga au sanduku la spana viende kwa yule aliyeshiriki navyo, hata awe mjukuu wa binti. Mizinga isiyo na mtu hukimbiwa na nyuki, na enanga isiyopigwa hulegea nyuzi. Kabla ya kugawa, kila kifaa kipigwe picha na kuandikwa kilikotoka na kinakokwenda, kwa kuwa ugomvi wa vitu vidogo hudumu kuliko wa mashamba.

Nakala za toleo la familia zichapishwe za kutosha: kwa mjane, kwa kila mtoto, kwa dada na kaka wa marehemu, na moja kwa parokia, usharika au msikiti wake. Kila nakala iwe na kurasa tupu mwishoni. Mwezi wa Desemba, watu wa Kagera walio mbali wanaporudi nyumbani, nakala zikutanishwe, masahihisho yasomwe, na ubishi wa tarehe umalizwe na wale wanaojua. Toleo lililosahihishwa likamilike kabla ya kujengea kaburi, kwa sababu fundi wa marumaru huchonga anachopewa, na mwaka wa kuzaliwa uliokosewa kwenye jiwe ni ghali kuliko uliokosewa kwenye karatasi.